Prianiki zangu zimekuwa ngumu kama kokoto: jibu kwa msomaji wa Morogoro

Swali: Shikamoo mama. Baba yangu alisoma Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, miaka ya 1980. Mpaka leo akishika kikombe cha chai ya jioni husema hajakutana tena na kitafunwa kama prianiki: vile vya duara, vyeupe kwa sukari nje, laini ndani, vinanukia kama pilau. Mwezi ujao anatimiza miaka 65 na nataka kumshtukiza. Nimejaribu mara mbili kwa maelezo ya intaneti. Unga ulikuwa unanata mno, nikaongeza mwingine hadi ukaacha kunata, nikaoka dakika 25. Zimetoka ngumu kama kokoto, mbwa wa jirani amezinusa akaenda zake. Unga wa rai, ile nafaka ya nchi za baridi, sijaupata, na oveni sina, nina jiko la mkaa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu, na baba apewe salamu zangu. Mimi nilisomea teknolojia ya mikate Voronezh, mji wa huko huko Urusi, kwa hiyo kitafunwa anachokililia nakijua. Tulikinunua kwa kilo, kikafungwa kwenye mfuko wa karatasi, tukala tukitembea kwenye theluji. Siku hizi nafundisha uokaji hapa Tanga, na kila mwaka hatokosi mwanafunzi wa kuniletea kokoto kama zako. Usijilaumu.

Makosa umeyataja mwenyewe bila kujua. La kwanza, uliongeza unga mpaka ukaacha kunata. La pili, uliacha motoni mpaka zikawa ngumu kuguswa. Yote mawili ni mazoea ya biskuti, na prianiki si biskuti. Warusi wa kale waliziita mkate wa asali: unga wa rai, asali, na maji ya matunda ya porini, basi. Viungo vilikuja baadaye na safari za wafanyabiashara, hasa baada ya Moscow kuiteka Astrakhan mwaka 1556 na kuishika njia ya mto Volga hadi Bahari ya Kaspi, ambako bidhaa za Uajemi na India zilipitia. Viungo ndivyo vilivyoupa mkate wa asali jina jipya. Prianiki maana yake ni kitu chenye viungo, na neno lenyewe lina mzizi mmoja na neno lao la kale la pilipili. Kwa hiyo mtu akikuletea prianiki zisizo na harufu, jina lenyewe linamsuta.

Ninakusimulia haya kwa sababu ukikubali kwamba unaoka mkate, mkono wako utabadilika. Mkate unautoa ukiwa bado unabonyea. Na mkate wa asali una tabia moja ya ajabu: siku ya kwanza una ukavu fulani, siku ya tatu unalainika. Asali ina sukari aina ya fruktosi kwa wingi, na fruktosi huvuta maji kutoka hewani na kuyashika. Sukari ya kawaida haina nguvu hiyo. Ndiyo maana prianiki za asali hukaa wiki na wiki kwenye kopo, huku keki ya sukari ikishakauka zamani.

Sasa jambo kubwa kuliko yote, ambalo maelezo mengi ya intaneti hulipita mbio: kuchoma unga kwa asali ya moto. Kiwandani tulifundishwa njia mbili. Moja ni ya unga mbichi, unachanganya vitu vyote vikiwa baridi, haraka, na prianiki hukauka mapema. Nyingine ni ya unga uliochomwa: asali, sukari na maji hupashwa moto, kisha sehemu ya unga humwagiwa humo ingali moto, kiasi cha nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi. Ni kama unavyosonga ugali, ila hapa unasonga kwa asali. Wanga huvimba na kushika maji, na maji yaliyoshikwa hivyo hayatoki kirahisi jikoni wala kabatini. Yale anayoyakumbuka baba, laini ndani hata baada ya wiki, ni ya njia hii.

Vipimo vyangu vya nyumbani ni hivi. Asali gramu 200, yaani vijiko vya chakula kumi hivi. Sukari gramu 100. Maji gramu 50, siagi gramu 60, yai moja, chumvi kidogo. Unga gramu 400 na mwingine kiganja kimoja wa kunyunyizia kibao. Beking soda kijiko cha chai kimoja kisichojaa. Utapata vipande thelathini hivi vya ukubwa wa ndimu ndogo. Tafadhali, beking soda, usinitilie hamira, wala magadi ya kulainishia maharage. Niliwahi kupokea prianiki za magadi darasani. Rangi ilipendeza, ladha ilikuwa ya sabuni.

Kuhusu rai, usihangaike. Ni kweli asili yake ni unga wa rai, lakini zile alizokula baba zilikuwa za ngano, au ngano iliyochanganywa na rai kidogo; ngano iliingia kwenye prianiki miaka mingi kabla hajazaliwa. Tumia unga wa ngano wa kawaida wa chapati na maandazi. Mimi napenda kuondoa gramu 80 na kuweka unga wa ulezi uliochekechwa vizuri. Hiyo si Urusi, ni mimi. Ulezi hauna gluteni, hivyo unauvunja ule mvutano wa ngano, na rangi inashuka kuwa ya kahawia kama ya mkate mweusi. Usizidishe, zitamomonyoka.

Asali ndiyo roho. Warusi hupenda sana asali ya maua ya mti wa lipa, na wengine ile nyeusi ya maua ya bakwiti, nafaka ya huko kwao. Sisi tuna ya Tabora, nyeusi, nzito, yenye ukali wake, na kwa kazi hii naiona inafaa kuliko zile nyepesi zinazong'aa dukani. Ikiwa imenuka moshi wa mrinaji, changanya nusu kwa nusu na nyingine. Ukiuziwa shira ya sukari iliyotiwa rangi ukaambiwa ni asali, prianiki zitakuumbua: zitakauka siku ya pili.

Kwa viungo, hapo wewe na mimi tuko nyumbani. Mdalasini wa kusaga kijiko cha chai kimoja na nusu, tangawizi kavu kimoja, iliki nusu, karafuu robo, kungumanga robo, na pilipili manga ncha ya kisu. Saga mwenyewe siku hiyohiyo. Wanafunzi wangu wa Kipemba hudai kuwa bila karafuu za kwao Mrusi asingekuwa na prianiki. Nawaacha wafurahi, lakini ukweli ni kwamba mikarafuu ilipandwa Unguja na Pemba karne ya 19, na prianiki zilikuwa zinanukia karafuu za visiwa vya Maluku, huko Indonesia, kabla ya hapo. Ila harufu kama pilau aliyokusimulia baba ni sahihi kabisa: mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Toa bizari nyembamba, tia tangawizi na kungumanga. Karafuu iogope. Ikizidi robo kijiko itameza kila kitu na ulimi utakufa ganzi kama uko kwa daktari wa meno.

Twende jikoni. Tia asali, sukari, maji na siagi kwenye sufuria, moto mdogo, koroga hadi sukari iyeyuke. Isichemke. Ikichemka maji yatapungua, na hapo umeshaanza kutengeneza kokoto upya. Epua, mwaga viungo vyote humo, maana mafuta ya viungo hufunguka kwenye moto. Subiri dakika tano au sita, mvuke upungue. Kisha mimina nusu ya unga kwa mkupuo mmoja na usonge kwa mwiko, haraka, kwa nguvu, mpaka madonge yaishe. Utapata uji mzito unaong'aa.

Hapa uache upoe. Nasema upoe mpaka ukitia kidole usihisi joto. Ukivunja yai kwenye uji wa moto utakula mayai ya kuvuruga yenye asali, na ukitia soda kwenye moto gesi yote itatoka ndani ya sufuria badala ya kutoka wakati wa kuoka. Ukishapoa, tia yai na chumvi, koroga. Unga uliobaki uchekeche pamoja na soda, uingize kidogo kidogo.

Utanata. Utanata sana. Utakushika vidoleni, utashika mwiko, na moyo utakuambia ongeza unga. Usiongeze. Unanata kwa sababu asali bado haijakaza na unga haujanywa maji yake. Ufunike kwa plastiki, uweke kwenye friji usiku mzima, au usiku mbili ukiweza. Asubuhi utaukuta ni mwingine kabisa, mgumu kama udongo wa mfinyanzi, unakatika kwa kisu bila kushika. Kama huna friji, azima ya jirani. Kwa joto la Morogoro usiuache juu ya meza usiku kucha wenye yai ndani.

Siku ya pili finyanga mipira midogo kwa viganja vilivyopakwa mafuta kidogo. Hizo za mipira ndizo za baba. Usizibonyeze, zitakaa zenyewe motoni. Ukitaka za kukata kwa glasi au kwa vibati vya maumbo, sukuma unga kwa mti wa chapati, lakini uishie kwenye unene wa sentimita moja. Watu wengi husukuma kama chapati, wakapata karatasi ya tangawizi. Panga kwa kuachia nafasi ya vidole viwili, maana zinatanuka.

Kwa oveni ningekuambia nyuzi 180, dakika 10 hadi 12. Kwa mkaa, fanya kama unavyooka keki. Sufuria pana na nzito, mchanga mkavu wa unene wa kidole chini, pasha dakika 15 ikiwa na mfuniko. Weka sinia dogo au bati lenye karatasi ya kuokea juu ya mchanga. Kisha palia moto juu: makaa mengi kwenye mfuniko, machache chini. Asali huungua mapema kuliko sukari ya kawaida, na moto wa chini ndio adui. Oka kwanza prianiki mbili tu, za majaribio. Fungua dakika ya tisa. Juu ziwe zimevimba na kupasuka kidogo, chini ziwe na rangi ya mdalasini, na ukibonyeza kwa kidole zirudi taratibu, bado laini kiasi kwamba utaogopa kuwa hazijaiva. Toa. Zitaendelea kuiva zenyewe juu ya sinia. Dakika 25 zako, mwanangu, zilikuwa mara mbili ya haja.

Ule weupe wa nje, unaodhani ni ufundi wa kiwanda, unaujua tangu utotoni kama umewahi kukaa karibu na mtu anayepika visheti. Ni shira ileile, na ugandishaji uleule. Sukari gramu 200, maji gramu 100, chemsha bila kukoroga hadi tone ukilibana kati ya vidole viwili (lipoe kwanza) livute uzi. Kipimajoto kitasoma kama nyuzi 110. Prianiki ziwe zimepoa kabisa. Ziweke kwenye bakuli kubwa, mwagia shira ya moto, na uzigeuze kwa miiko miwili au kwa kurusha bakuli, taratibu, bila kuacha. Mwanzoni zitang'aa kama zimelowa. Ghafla shira itaanza kuchafuka, iwe ukungu, halafu nyeupe. Ni sukari inarudi kuwa chembe kwa sababu umeisumbua ikiwa inapoa. Hapo acha mara moja, zipange moja moja zikauke. Ukiendelea kugeuza, ule weupe utabanduka wote, kama kwenye visheti. Gamba hili si pambo peke yake. Linazuia unyevu wa ndani usitoke.

Zikishakauka zifungie kwenye kopo la bati au ndoo yenye mfuniko wa kubana. Tia kipande cha ganda la chungwa kwa siku moja, kisha ukitoe kisije kikaota ukungu. Usiku huo utaonja moja na kusema mama amenidanganya, mbona bado ngumu kidogo. Subiri. Onja tena siku ya tatu.

Umeuliza pia, pembeni ya barua yako, kama hizi ndizo zile kubwa zenye michoro zinazoonekana kwenye picha. Hapana, hizo ni ndugu zake wakubwa, prianiki za kugongwa kwa kibao, na mji wake ni Tula, kusini mwa Moscow. Daftari la serikali la mwaka 1685 tayari linazitaja prianiki za Tula. Vibao vilichongwa kwa mbao za miti kama lipa, mbetula au mpeasi, na mchongaji alilazimika kuandika herufi kinyumenyume ili zitoke sawa kwenye unga. Samaki, ndege, minara, jina la bibi harusi. Mji huo una makumbusho ya prianiki tangu 1996, na ukiingia tu, kabla hujaona chochote, pua inajua ulipo. Kaskazini kabisa, Arkhangelsk, wana nyingine za umbo la kulungu na mbuzi zinazoliwa wakati wa Krismasi, zenye rangi nyeusi ya sukari iliyounguzwa makusudi.

Kama unataka kuongeza moja kubwa ya Tula juu ya sinia la baba, inawezekana. Unga uleule, tabaka mbili za nusu sentimita, katikati jamu. Iwe jamu nzito ya kukatika kwa kijiko. Jamu ya majimaji itapasua pembeni na kuungua. Warusi hutia ya tufaha au ya plamu, mimi natia ya mapera. Wengine hutia maziwa matamu ya kopo yaliyochemshwa hadi yakawa kahawia. Kwa kibao, usitafute mchongaji. Kama una ndugu Muscat au Dubai, mwombe akuletee kibao cha mbao cha maamul, vile vibiskuti vya tende. Ufundi ni uleule wa kugonga unga kwenye mbao iliyochongwa, ila vibao vya maamul ni vidogo na vina shimo la kina, kwa hiyo utatoa ndogondogo zenye jamu. Nyunyiza unga kwenye kibao, piga ukingoni mwa meza, itaanguka. Hizi za michoro usizirushe kwenye shira, michoro itafichika. Paka shira kwa brashi, safu nyembamba, zingali na joto.

Sasa hesabu siku. Kama sherehe ni Jumamosi, songa unga Jumapili iliyotangulia, oka na kutia shira Jumatatu jioni au Jumanne, kisha lifungie kopo mahali ambapo wadogo zako hawafiki. Kabla ya hapo, wiki hii, oka kundi la nusu kipimo ulizoee jiko lako, maana kila jiko la mkaa lina hasira zake. Siku yenyewe usimpe baba na chai ya maziwa. Mpe ya rangi, kali, kwenye glasi, na kipande cha ndimu ndani. Yeye atajua kwa nini.

Na tenga vipande kumi vidogo, uvifiche. Warusi walikuwa na prianiki maalum iliyoletwa mwisho wa karamu, ndogo, ikagawiwa kila mgeni mkononi. Jina lake linatokana na neno la kutawanya watu: ukipewa hiyo, unavaa koti lako. Baba akianza kusimulia habari za Moscow kwa mara ya tatu na wajomba hawaondoki, toa kopo.